Mlango wa paka unaosoma chipu: humzuia shume, ila si kila shume

Paka aliyetelekezwa mtaani haingii nyumba za watu kwa ukorofi. Anafuata chakula. Akiwa dume ambaye hajahasiwa, anafuata na mipaka yake: anarusha mkojo mlangoni, anamrarua paka wako, kisha anamaliza bakuli na kuondoka zake. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa ajili yake vinajaribu kumtisha tu. Mlango unaosoma chipu unamkatia chakula, ndiyo maana tunauweka mbele ya vingine vyote. Tunaoupima hapa ni SureFlap wa kawaida, ule mdogo usiotumia intaneti.

Kwenye fremu mna antena inayosoma chipu, kidude chenye namba ya utambulisho kilichopandikizwa chini ya ngozi ya paka, kati ya mabega. Chipu za siku hizi zina tarakimu 15, na mlango husoma pia za zamani za tarakimu 9 na 10. Huhifadhi wanyama 32 na hutumia betri nne za AA. Kumsajili paka ni kubonyeza kitufe cha kumbukumbu, taa ikianza kumeta unamwacha apite kwa kuingia. Hapo usibanduke: shume akitangulia, naye ana chipu ya mwenye nyumba aliyehama, umeshamfanya mwenyeji.

Pima paka kabla ya kununua. Tundu lina upana wa milimita 142 na kimo cha milimita 120, kwa hiyo paka mnene au wa mbegu kubwa kama Maine Coon atakwama mabegani. Ukingo wa chini uwe usawa wa tumbo lake anaposimama. Kama nje ni chini kuliko ndani, weka kidaraja cha kukanyagia.

Usumbufu mwingi unaosingiziwa mlango hutokana na ufungaji. Antena haielewani na chuma: kwenye mlango wa bati, au wenye karatasi ya alumini ndani, usomaji hudhoofika au hukatika kabisa. Dawa yake ni kukata tundu kubwa zaidi, kuweka ubao au plastiki ngumu, na kufunga mlango katikati ya ubao huo. Kosa la pili ni kukaza skrubu mpaka mwisho. Fremu hupinda, kile kibao kinachobembea huanza kukwaruza pembeni, komeo halirudi mahali pake, na mlango unabaki wazi usiku kucha huku ukidhani umefungwa. Kaza mpaka fremu itulie, basi, kisha sukuma kibao kwa kidole mara kadhaa uone kama kinarudi katikati chenyewe.

Weka betri za alkali. Za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na mlango huanza kusuasua mapema. Manyoya na matope yakiganda kwenye komeo, au kwenye kihisi kilicho juu ya tundu, paka wako ataingiza kichwa na kusubiri mlio usiokuja. Pamba yenye unyevu inatosha kusafisha.

Mlio huo wa komeo ndio unaowatisha paka waoga. Usimsukume paka kwa mkono. Inua kibao kwa utepe wa gundi siku chache apite kwenye tundu tupu, kisha kishushe kidogo kidogo, komeo likiwa limezuiwa. Komeo uliachie lifanye kazi mwisho kabisa.

Sasa udhaifu wenyewe. Aina hii ya kawaida husoma chipu ya anayeingia tu. Anayetoka husukuma na kwenda zake. Shume mwerevu anajua kuingiza ukucha pembeni na kuvuta kibao kuelekea kwake. Kama wa kwenu ameshafika darasa hilo, tafuta mlango unaosoma na kufunga pande zote mbili. Shume mwingine humfuata mwenyeji mkiani, wakaingia wote kabla komeo halijarudi. Kwa huyo hakuna mlango utakaosaidia bakuli likiwa hatua moja kutoka tunduni. Sogeza chakula chumba cha ndani, na uondoe bakuli baada ya mlo.

Uani mlango hauna kazi. Huko kinachofaa ni kinyunyizio cha maji chenye kihisi cha mwendo, kinachofungwa kwenye mpira wa bustani. Kihisi hicho hutambua joto linalosogea, kwa hiyo kielekeze mahali paka anapokatiza mbele yake, si anapokijia uso kwa uso. Mchana wa jua kali, hewa ikikaribia joto la mwili wa paka, ambalo ni nyuzi 38 hadi 39, hakimwoni vizuri. Shina la mpira linahitaji koki imara, kwani maji hukaa na shinikizo saa zote, na kiungo hafifu hufumuka. Tena hakibagui: paka wako atalowa vilevile.

Vifaa vya sauti ya juu mno, ambayo watu wengi hawaisikii, tusivipigie debe. Sauti hiyo haipenyi ukuta wala kichaka, paka wengi huizoea, na paka wako, au sungura aliye bandani, ndiye anayekaa nayo kutwa. Vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo, mafuta makali ya kunukia na pilipili achana navyo kabisa. Naftalini ni sumu kwa paka, wako akiwemo. Harufu ya mkojo ioshwe kwa sabuni ya vimeng'enya, iachwe ikauke yenyewe. Usitumie kitu chenye amonia, maana mkojo wenyewe unanuka hivyo.

Baki na paka mwenyewe. Mvishe ukanda wa karatasi wenye ujumbe, unaochanika ukinaswa, uone kama kuna mwenye paka atakayejibu. Akikosekana, mtego wa kisanduku wenye kibao cha kukanyaga ndio njia salama ya kumkamata ili akahasiwe. Angalia kwanza ncha ya sikio: iliyokatwa sawasawa mara nyingi ni alama kwamba ameshahasiwa. Mnyime chakula siku nzima, weka samaki wa kopo nyuma kabisa ya kibao, na usiondoke ukauacha mtego peke yake. Akinaswa, ufunike kwa shuka, atatulia. Usimshike kwa mikono mitupu. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo amsome chipu kabla ya kisu. Akiwa jike mwenye chuchu zilizovimba, kuna watoto mahali, watafutwe kwanza.

Paka wako achanjwe wakati huohuo, na azuiwe kupigana, kwani virusi vya FIV, vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, hupita kwenye jeraha la meno. Ukiwatibu viroboto, usiguse dawa ya mbwa yenye pemethrini, inaua paka. Na dume aliyehasiwa usimhukumu wiki ya kwanza: homoni huchukua wiki kadhaa kupungua, na mkojo wa ukutani unaweza kuendelea mpaka hapo.