Kengele ya wizi niliyojiundia nyumbani: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Mwezi wa Mei mwaka jana, usiku wa mvua kubwa iliyofunika kila sauti, wezi walikata kufuli ya mlango wa jikoni nyumbani kwetu Goba, Dar es Salaam, wakaondoka na mtungi wa gesi, pampu ya maji na televisheni. Asubuhi mke wangu ndiye aliyeona nyayo za matope sakafuni, hatua nne tu kutoka mlango wa chumba cha watoto, na tangu siku hiyo usingizi wetu haukuwa ule wa zamani. Kampuni za ulinzi nilizoziuliza zilitaka gharama ya kufunga mitambo pamoja na ada ya kila mwezi ambayo nisingeweza kuimudu kwa muda mrefu, kwa hiyo niliamua kununua vifaa visivyotumia waya na kuunda kengele mwenyewe.

Jaribio la kwanza lilinivunja moyo. Nilinunua seti ya bei nafuu inayounganishwa moja kwa moja na Wi-Fi, nikaifunga kwa nusu saa, ikafanya kazi vizuri kwa wiki mbili. Siku intaneti ilipokatika nilifungua mlango wa mbele makusudi, na king'ora kikakaa kimya, kwa sababu taarifa ya kihisi, yaani kifaa kinachotambua mlango ukifunguliwa au mtu akipita, ilikuwa inasafiri kwanza hadi kwenye seva (kompyuta kuu) ya mtengenezaji ng'ambo, na amri ya kuwasha king'ora ilipaswa kurudi kwa njia hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoweka sharti ambalo sijalilegeza hadi leo: uamuzi wote ufanyike ndani ya nyumba, na intaneti iwe ya kunijulisha tu nikiwa mbali.

Mfumo nilio nao sasa unaendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani iitwayo Home Assistant, ambayo Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013 na ambayo hutolewa bure. Kompyuta hiyo huzungumza na vifaa kupitia kijiti cha redio ya Zigbee, teknolojia inayotumia nishati kidogo kiasi kwamba kihisi cha mlango huweza kukaa zaidi ya mwaka kwa betri moja ya duara kama sarafu. Nina vihisi vitano vya milango na madirisha, viwili vya mwendo, king'ora chenye betri yake ya ndani, na kitufe cha dharura kando ya kitanda. Nyongeza ya programu hiyo iitwayo Alarmo ndiyo inayotenganisha hali ya kuwa tumetoka na hali ya kuwa tumelala, na hunipa sekunde 30 za kuzima kengele ninapoingia kwa mlango wa mbele. Vyote vilinigharimu shilingi laki nane na ushee.

Wiki ya kwanza vihisi vilikuwa vinapotea hewani. Zigbee hutumia masafa yale yale ya gigahazi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi, na zaidi ya hapo matundu ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo. Nilikitoa kijiti kwenye tundu la USB 3.0, nikakichomeka kwenye lile la kawaida kwa kebo ya kurefusha ya mita moja na nusu, nikaiacha Wi-Fi kwenye chaneli ya 1 na kuihamishia Zigbee chaneli ya 25, na tatizo likaisha siku ile ile. Ninawasihi wanaoanza wanunue kebo hiyo pamoja na kijiti, kwa kuwa thamani yake ni ndogo na usumbufu unaouondoa ni mkubwa.

Mlango wa jikoni, ambao ndio ulioingiliwa, ulinipa kazi zaidi. Tuliuweka wa chuma baada ya wizi, na chuma huvuruga uvutano wa sumaku inayokiambia kihisi kwamba mlango umefungwa. Nilipobandika kihisi na sumaku yake moja kwa moja, kilidai mlango uko wazi hata ulipokuwa na makufuli mawili. Fundi seremala alinichongea vipande viwili vya mbao vyenye unene wa kidole, nikavikaza kwa skrubu kati ya chuma na vifaa, na tangu hapo hakijakosea. Gundi inayokuja na vihisi siiamini, kwani joto la Februari lilidondosha viwili vilivyokuwa dirishani.

Vihisi vya mwendo vinahitaji subira. Hufanya kazi kwa kutambua mabadiliko ya joto mbele yake, na kile cha sebuleni kilituamsha saa nane usiku mara mbili. Usiku wa pili nilikikuta na mjusi amelala juu ya lenzi, mkia ukining'inia katikati. Sasa kimefungwa kwenye kona isiyo na taa ya kuvutia wadudu, na nimeagiza king'ora kisilie hadi vihisi viwili tofauti vitoe taarifa ndani ya dakika moja. Mlango au dirisha likifunguliwa, kengele hulia bila kungoja kihisi cha pili, isipokuwa mlango wa mbele wenye zile sekunde 30.

Jambo lililonifundisha mengi zaidi ni kukatika kwa umeme. Ruta na kompyuta niliziunganisha na betri ya akiba inayozibeba kwa zaidi ya saa mbili, nikaamini nimemaliza. Kumbe soketi janja nilizoziweka korido ili zipokezane mawimbi na vihisi vya mbali huzimika umeme unapokatika, na vihisi vilivyozitegemea hubaki bila njia. Mbaya zaidi, programu ya Zigbee2MQTT ninayoitumia kuunganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant husubiri saa 25 kabla ya kutangaza kwamba kihisi cha betri kimenyamaza, muda ambao mwizi hahitaji hata robo yake. Niliupunguza hadi saa tano, nikaihamishia soketi moja kwenye betri ya akiba, na kihisi cha jikoni nikakiunganisha upya kikiwasiliana na kijiti moja kwa moja. Baada ya hapo nilizima swichi kuu makusudi, nikasubiri dakika kumi gizani, nikafungua mlango wa jikoni. King'ora kililia.

Taarifa za simu huja kwa Telegram kupitia ruta ya laini ya simu, na kifurushi kikiisha haziji. Nilisafiri Morogoro siku tatu nikidhani ukimya ni usalama, kumbe kifurushi kiliisha siku ya kwanza. Sasa kompyuta hunitumia ujumbe mfupi kila jioni saa moja, na nisipouona nampigia simu mzee jirani.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo vifaa vyote hivi havikulijibu: "Mwanangu, hiyo filimbi yako ikilia usiku, sisi wengine tufanye nini?" Tulikaa naye pamoja na mjumbe wa nyumba kumi na vijana wa ulinzi shirikishi, tukakubaliana kwamba king'ora kikizidi dakika moja wawashe taa za nje na kupiga filimbi zao, na mtu yeyote asiingie uani kwetu peke yake.

Geti bado halina kihisi, kwa kuwa nilivyovijaribu nje viliingiwa na unyevu kabla ya mwezi kwisha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ninafungua milango mmoja baada ya mwingine na kuacha king'ora kilie sekunde tano, na mzee hutoka kibarazani kwake, akaninyooshea mkono kwamba amekisikia.