Saa ya mtetemo kwa baba kiziwi mwanamichezo, Tanga

Mkimbiaji kiziwi mwenye mtoto mchanga anaihitaji kweli saa hii. Vifaa vya usikivu huvuliwa usiku, kama vinavyovuliwa uwanjani kwenye Deaflympics, michezo ya kimataifa ya viziwi, kwa hiyo hubaki mwanga na mtetemo tu.

Kisahani kinachotetema kitie ndani ya foronya. Ukikiweka chini ya godoro nene la sponji, mtetemo unamezwa wote na mazoezi ya alfajiri yanakupita. Kinasa sauti cha saa, kinachoitetemesha mtoto akilia, kikae kama mita moja kutoka kwa mtoto, mbali na feni. Joto la Tanga halikuruhusu kuizima, na mvumo wake utakuamsha bure usiku kucha.

Weka betri za akiba, umeme hukatika. Hewa ya chumvi hushambulia vyuma vinavyogusa betri, vifute kwa kitambaa kikavu. Kasoro ya saa hii: waya wake ni mfupi mno.