Uzoefu wangu: kikokotoo cha umbali wa anga, Dar es Salaam hadi Mwanza

Nimekitumia kikokotoo cha umbali cha mtandaoni, kile unachoingiza viwanja viwili vya ndege kikakupa kilomita na muda wa kuruka. Nakipa nyota 3 kati ya 5. Kilomita zake ni za kutegemea. Muda usiushike mpaka ujue inaruka ndege gani.

Kwanza, ingiza alama za viwanja, DAR na MWZ, wala si majina ya miji. Malawi nayo ina Mwanza yake, na hata kikipata Mwanza ya kwetu huenda kikapima mpaka katikati ya mji badala ya kiwanjani. Kwa alama hizo jibu ni kilomita 852 hivi. Ukiona 529, hizo ni maili za kawaida. 460 ni maili za baharini, ndizo wanazotumia marubani. Kikokotoo kingine kikikupa 851 usishangae: kimoja kinaichukulia dunia kama mpira kamili, kingine kinahesabu ilivyobonyea kwenye ncha.

Shida iko kwenye muda. Hesabu inayotumika sana ni kugawa umbali kwa kilomita 800 kwa saa, kisha kujumlisha nusu saa ya kupaa na kutua. Hapo unapata saa 1 na dakika 34. Kwa jeti kama Airbus A220 hesabu hiyo inakaribia sana ratiba. Lakini ukipangiwa ndege ya pangaboi, kama Q400, mwendo wake angani ni kilomita 667 kwa saa hata ikikazana, kwa hiyo ongeza kama robo saa. Kwa safari fupi kosa linageuka upande wa pili. Dar hadi Zanzibar ni kilomita 73 tu. Kikokotoo kinasema dakika 35 na ushee, wakati vindege vidogo huvuka kwa dakika 20 hivi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakijui vituo. Ukipitia Kilimanjaro, DAR hadi JRO ni kilomita 450, JRO hadi MWZ 473, jumla 923. Nyongeza ni kilomita 71 tu, na kwa macho unaona si kitu. Ila ndege inashuka, inatua, abiria wanateremka na wengine wanapanda, kisha inapaa upya. Hapo saa nzima au zaidi imekwenda. Pima kila kipande peke yake, na muda wa kusubiri kiwanjani uuchukue kwenye tiketi.

Ukipima safari ya nje, angalia saa za nchi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo tiketi ya Dar–Kigali, kilomita 1,143, itaonekana kama safari ya chini ya saa moja, na ya kurudi kama ya karibu saa tatu. Muda wa kuruka ni uleule. Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo.