Mahabusu au kurudi nyumbani?

Kijana wa miaka 15 akishikwa Kisauni, Mombasa, kwa wizi wa simu, ana njia mbili. Moja ni mahabusu ya watoto, kisha korti. Akipatikana na hatia, huenda akapelekwa borstali (taasisi ya kurekebisha vijana wahalifu) ya Shimo la Tewa, hadi miaka 3. Nyingine, inayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022, ni kuyamaliza nje ya korti: aombe msamaha, alipe fidia, apate ushauri nasaha.

Mimi nasimama na hii ya pili. Mtoto wa jirani alitoka mahabusu na upele katikati ya vidole, usiku halali, mlango ukigongwa anaruka. Mwenzake aliyebaki kwa mamake hata shule hakuacha. Ila anayebaki nyumbani asipopata wa kumsikiliza, maskani za vijana na bugizi, tembe za kulevya, zinamngoja palepale.