Dexie.js (maktaba ya JavaScript ya kutunza data kwenye brauza): daftari la madeni la mama nimelihamishia huku na localStorage sirudi

Mama ana duka la nafaka Morogoro na wateja wake wengi wanachukua kwa mkopo, sasa nikamtengenezea kaprogramu kadogo ka kwenye brauza ka kuandika nani kachukua kilo ngapi na kalipa ngapi. Bando lake halieleweki, leo lipo kesho limekata, ndo maana nikataka data ikae humohumo kwenye simu, mambo ya seva sikutaka kabisa. Nikaanza na localStorage, kile kihifadhi kidogo cha ndani ya brauza, si ndo kila mtu anaanzia hapo, mistari miwili ya kodi (maandishi ya programu) umemaliza.

Shida yake ni kwamba inakupa kama MB 5 tu kwa tovuti moja na inatunza maandishi matupu, yaani orodha yote ya madeni inakuwa uzi mmoja mrefu wa herufi, ukiongeza deni la kilo mbili za maharage unaandika upya orodha nzima. Mi nikaweka na picha za vile vikaratasi wateja wanavyosaini, na picha ukiigeuza maandishi inanenepa kwa karibu theluthi, haikuchukua muda nafasi ikajaa. Kodi yangu haikuonyesha ujumbe wowote! Siku mbili mama anabonyeza hifadhi, skrini imetulia, anajua limeingia, jioni ya pili anatafuta deni la mtu aliyebeba gunia zima la mchele, halipo. Iliniuma sana, ile ni hela ya mtaji.

Ndo nikahamia Dexie. Brauza zina hifadhi nyingine kubwa kuliko hiyo, inaitwa IndexedDB, hiyo inabeba picha kama picha, ila kuiandikia kodi moja kwa moja inachosha jamani, kila ombi unalitegea likifanikiwa na likigoma, kurasa nzima za kodi kwa kitu kidogo. Dexie, ambayo aliianzisha David Fahlander, inakaa juu yake na kukurahisishia. Jedwali langu la madeni nimelieleza hivi tu: '++id, mteja, tarehe'. Namba inajiongeza yenyewe, halafu mteja na tarehe ni vile ninavyotafutia. Kiasi na picha huvitaji pale, unavitupia tu wakati wa kuhifadhi vinaingia. Wengi wanakosea hapohapo, wanaorodhesha kila kitu kama wanatumia SQL, ile lugha ya hifadhidata za kawaida.

Nilichokipenda zaidi ni transakshen. Mteja akilipa, programu inaandika malipo na inapunguza deni, vitu viwili, ukivifunga pamoja kimoja kikigoma na kingine kinarudi kilipokuwa, hakuna hesabu ya nusunusu. Ila usiite seva katikati ya transakshen, itajifunga kabla hujarudi na utapata kosa, hapo nilipoteza usiku mzima. Na nilipotaka kutafuta kwa namba ya simu niliandika toleo la 2 la jedwali, mama akafungua asubuhi madeni yake ya zamani yote yapo.

Sasa kitu ambacho Dexie haiwezi kukuokoa nacho: data bado ni ya brauza. Mtu akifuta data za tovuti kwenye simu, imeenda. Ukitumia dirisha la siri, ukilifunga imeenda. Simu ikijaa brauza inaweza kufuta yenyewe, kwa hiyo omba ruhusa data ibaki kwa kudumu, kwa amri ya brauza navigator.storage.persist, japo brauza inaweza kukukatalia. Kwa watu wa iPhone, Safari tangu 2020 inafuta hifadhi ya namna hii mtumiaji akikaa siku 7 za kutumia Safari bila kuigusa tovuti yako, labda awe ameiweka kwenye skrini ya mwanzo kama programu. Hilo mwambie mteja wako siku ya kwanza.

Mi nimeweka kile kiongezi chao cha kutoa na kurudisha data, dexie-export-import, kimekuwa kitufe kikubwa cha kijani, TUNZA NAKALA. Kila Jumapili akishafunga duka mama anakibonyeza, faili linatoka, analituma WhatsApp kwa mdogo wangu.

Nyota 5 kwa kazi yenyewe, ni bure, leseni ya Apache 2.0. Maelezo yao ni ya Kiingereza tu kwa hiyo kama unaanza JavaScript elewa kwanza async na await (maneno ya kuisubirisha kodi hadi kazi iishe), bila hapo utaichukia bure.