Shingo: kuunganisha pingili au kutia diski ya bandia?
Ami yangu wa Wete, mchumaji karafuu, mkono umemfa ganzi hadi kidole gumba. Diski ya shingo, ule mto laini ulio kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo), imebana mshipa wa fahamu. Kaambiwa achague upasuaji upi.

Kuunganisha ni mtindo wa tangu miaka ya 1950: diski hutolewa, mfupa hupandikizwa, pingili mbili zikawa moja. Maumivu hupungua, ila pingili jirani hubeba mzigo wa wenzao, na wengine hurudi kupasuliwa.

Diski ya bandia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, huiacha shingo igeuke. Waliofuatiliwa miaka 7 hadi 10 walirudi kupasuliwa kwa uchache zaidi. Lakini mfupa huweza kuota kuizunguka, ikaganda. Na shingo iliyochakaa sana haiifai.

Kwa mtu anayetazama juu ya mkarafuu kutwa, mimi ningechagua diski. Ami bado anauliza bei.