Mkondo wa Kifaransa au wa Kiingereza? Tathmini ya huduma ya shule za umma za Ontario

Mzazi anayemwandikisha mtoto katika shule ya msingi ya umma jimboni Ontario, nchini Kanada, hukabiliwa mapema na swali ambalo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo hatukulitarajia: mtoto aingie mkondo wa Kiingereza, au ule wa Kifaransa, ambamo watoto wasiojua hata salamu ya lugha hiyo hufundishwa kwayo tangu chekechea au Darasa la Kwanza? Mikondo yote miwili haina ada, inaendeshwa na bodi zilezile za shule za eneo, na mara nyingi imo ndani ya jengo moja. Nimesomesha watoto katika yote miwili, na lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Tathmini hii, basi, inawahusu wazazi wenye hali kama yetu.

Mkondo wa Kifaransa ulianzia mwaka 1965 huko St-Lambert, kando ya Montreal, kwa juhudi za wazazi wazungumzao Kiingereza waliochoka kuona watoto wakisoma Kifaransa miaka nenda miaka rudi bila kuweza kukizungumza. Katika Ontario ya leo, mwanafunzi wa mkondo huo anatakiwa awe amepata si chini ya saa 3,800 za mafundisho kwa Kifaransa afikapo mwisho wa Darasa la Nane. Mwenzake wa mkondo wa Kiingereza hukisoma kama somo tu kuanzia Darasa la Nne, na lengo lake ni saa 600. Anayetaka kujua anachopewa aanze na tarakimu hizo mbili, maana maneno matamu ya siku ya kutembelea shule hayatamweleza zaidi.

Hofu kubwa ya wazazi ni Kiingereza. Karani wa shule moja alinishauri, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa familia ya wageni ni afadhali akishike Kiingereza kwanza. Ushauri huo naupinga. Wizara ya Elimu ya jimbo ilitoa mwongozo mwaka 2016 unaohimiza shule kuwapokea watoto wanaojifunza Kiingereza katika programu za Kifaransa, na tafiti za tangu enzi za St-Lambert zimeonyesha kwamba wanafunzi wa mkondo huo hubaki nyuma kidogo katika kusoma na kuandika Kiingereza mpaka kinapoanza kufundishwa darasani, kisha huwafikia wenzao. Ni kweli kwamba watoto wa tafiti za mwanzo walitoka katika nyumba za Kiingereza, lakini wetu nao hukiokota uwanjani, kwenye basi na katika katuni bila kufundishwa na mtu. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba katika Darasa la Kwanza la Kifaransa karibu kila mtoto anaanzia sifuri. Aliyetoka Nakuru au Kigoma si yule mmoja asiyeelewa kinachosemwa. Anayumba pamoja na darasa zima, mwalimu huonyesha kwa mikono na picha kwa ajili ya wote, na hakuna anayemwita nje ya chumba kwenda kufundishwa peke yake.

Kasoro ya kwanza huonekana jioni. Mtoto huleta orodha ya maneno ya imla ya Ijumaa pamoja na kijitabu cha kusoma ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, na mzazi aliyezoea kutamka kila herufi anayoiona anakuta herufi tatu za mwisho wa kitenzi zimeandikwa ili zinyamaze. Sisi tulitegemea rekodi za sauti na jirani mmoja kutoka Bujumbura, ambaye subira yake sitaisahau. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: mtoto akipata ugumu wa kusoma, msaada wa kitaalamu mara nyingi hupatikana kwa Kiingereza tu, na suluhisho linalopendekezwa haraka ni kumhamisha mkondo. Tena walimu wa Kifaransa ni wachache jimboni, kwa hiyo mwalimu akiugua, anayeshika nafasi yake huenda asijue lugha ya darasa. Usafiri wa basi, nafasi zinazogawiwa kwa kura na lugha ya kufundishia hisabati hutofautiana kati ya bodi na bodi; ulizeni kabla ya kutia saini.

Mkondo wa Kiingereza haupewi sifa unazostahili. Kwa mtoto aliyefika akiwa na miaka tisa au kumi, hasa ambaye masomo yake yalikatika kwa miaka ya kambini Nyarugusu au Kakuma, ndio ninaoupendekeza bila kusita. Tatizo lake halitokani na ufundishaji. Katika shule zenye mikondo miwili, familia zinazojua kuulizia mambo huvutwa upande wa Kifaransa, na madarasa ya Kiingereza hubaki na sehemu kubwa ya wageni na ya watoto wenye mahitaji maalumu. Katika shule tuliyokuwapo, picha za madarasa zilizotundikwa koridoni zilionyesha mgawanyiko huo waziwazi kuliko taarifa yoyote ya bodi.

Wazazi wa Kongo na Burundi wanaozungumza Kifaransa wana njia ya tatu ambayo wengi huipita bila kuijua: shule za umma za lugha ya Kifaransa, zenye bodi zake kama Viamonde, ambazo mgeni anayekijua Kifaransa anaweza kuziomba nafasi kupitia kamati ya udahili. Kumpeleka mtoto anayekizungumza tayari katika mkondo uliobuniwa kwa wasiokijua ni kumrudisha nyuma.

Mhitimu wa mkondo wa Kifaransa huelewa na kusoma vizuri sana, lakini huongea kwa kusitasita, na wengi huuacha mkondo huo wakiwa sekondari kabla ya kukamilisha masomo 10 yanayohitajika kwa cheti chake. Hata hivyo, kwa mtoto anayeanza mdogo ningeuchagua tena: nyota nne kati ya tano. Wa Kiingereza naupa tatu, na lawama ya zile zilizopungua ni ya bodi, si ya walimu.

Kiswahili hakimo katika mkondo wowote. Kanuni za jimbo, lakini, zinailazimu bodi kufungua darasa la lugha ya kimataifa pale wazazi wa wanafunzi 23 wanapoliomba kwa maandishi, na mjini kwetu majina hayo yangepatikana katika harusi moja tu.